Je, wajua kwa nini ruta ikienda polepole ndipo plaiwudi inapoungua?

Mtazame fundi anayeanza kutumia ruta, mashine ya kukata na kuchonga mbao kwa kisu kinachozunguka. Amefungulia spidi hadi mwisho, halafu anaisukuma mashine taratibu kama aliyebeba bakuli la uji wa moto. Anaamini upole huo utampa ukingo safi. Akiinua mashine anakuta ukingo umeungua, gundi inanuka, na vibanzi vimesimama juu ya ubao kama nywele za mtu aliyetoka kuamka.

Hapo kuna makosa mawili, na kila moja lina chanzo chake. Kuungua kunatokana na mwendo. Vibanzi, mara nyingi, vinatokana na umbo la biti, yaani kile kisu kinachozunguka.

Tuanze na moto. Kila jino la biti linapozunguka linatakiwa kung'ata kipande cha mbao na kukitupa nje. Kipande hicho kikiwa kinene kiasi, kinaondoka na joto lake. Kikiwa chembamba mno, jino halikati tena: linasugua. Hata makali mapya yana uviringo mdogo sana kwenye ncha, na ukiyapa unywele wa mbao yatateleza juu yake. Joto likikosa pa kwenda linabaki kwenye biti na kwenye ukingo wa ubao wako.

Hesabu yake ni nyepesi. Ruta inayozunguka mara 18,000 kwa dakika inazunguka mara 300 kwa sekunde. Biti ikiwa na meno mawili, hiyo ni ming'ato 600 kila sekunde. Ukiisukuma mita 1 kwa dakika, ambao ndio mwendo wa yule fundi wa uji, kila jino linapata chini ya milimita 0.03. Hapo hukati, unapiga msasa. Ukiisukuma mita 4.5 kwa dakika, kila jino linapata milimita 0.125, zaidi kidogo ya unene wa karatasi ya fotokopi. Kwa biti ya milimita 6 kwenye plaiwudi, milimita 0.1 hadi 0.2 kwa kila jino ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwa mwenye mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, kanuni ni hii: mizunguko kwa dakika, mara idadi ya meno, mara unene wa mng'ato, jibu ndiyo kasi ya kusukuma.

Na kama mashine yako ni ndogo, ukiipeleka mita 4.5 inatetemeka? Wengi hupunguza kasi ya kusukuma peke yake, na hapo ndipo moshi unapoanza. Punguza mizunguko pia. Kwa mizunguko 12,000, meno mawili na mng'ato wa milimita 0.1, unahitaji mita 2.4 tu kwa dakika. Au tafuta biti ya jino moja; watu huidharau, lakini kwa mashine dhaifu mimi naiona ndiyo bora, kwa sababu inakubali mwendo mdogo bila kusugua.

Fundi wa ruta ya mkono hana kipimo cha kasi, ila ana macho. Aangalie kinachotoka. Maranda madogo yanayoshikika vidoleni ni dalili njema. Vumbi laini kama unga wa sembe maana yake biti inasugua, ama kwa mwendo mdogo, ama kwa ubutu. Tena usiendelee kukata huku moshi unatoka: kaa dogo likivutwa hadi kwenye mfuko wa vumbi linaweza kufukuta humo muda mrefu, likawaka karakana ikiwa imefungwa.

Sasa vibanzi. Plaiwudi huzaliwa gogo likizungushwa mbele ya kisu kirefu na kumenywa kama chungwa ambalo ganda lake halikatiki. Viwanda vya Mafinga, mkoani Iringa, hufanya hivyo kwa paini na milingoti. Matabaka membamba yanayomenywa hivyo hugandishwa kwa gundi, nyuzi za moja zikikingamana na za jingine, na ndiyo nguvu ya plaiwudi. Ila tabaka la juu huwa jembamba, mara nyingi chini ya milimita moja, na juu yake hakuna kitu cha kulishikilia. Ukikata kufuata nyuzi zake ukingo unatoka safi. Ukikata kuzikingama, linanyofoka.

Biti yenye msokoto unaovuta juu hutoa maranda vizuri sana, lakini inainua nyuzi za uso wa juu. Yenye msokoto unaokandamiza chini inaacha uso wa juu safi kabisa, inachana wa chini, na kusindilia maranda ndani ya mfereji, joto likapanda. Kwa hiyo pakatengenezwa biti ya kubana: ncha yake inavuta juu, sehemu iliyobaki inakandamiza chini, nyuso zote mbili zikasukumwa kuelekea katikati ya ubao.

Wengi hununua biti hii kwa bei kubwa kisha wanalalamika kuwa wameibiwa. Mara nyingi hawakuibiwa. Sehemu ya ncha inayovuta juu ina urefu wa milimita kadhaa. Ukipita mara ya kwanza kwa kina cha milimita 3, ni ncha hiyo pekee inayogusa uso wa ubao, nao unachanika vilevile. Pasi ya kwanza lazima izame zaidi ya urefu wa ncha. Mashine isipoweza, achana na biti ya kubana: tumia ya kukandamiza chini, kwa kina kisichozidi kipenyo cha biti kila pasi, na ubane plaiwudi juu ya ubao wa kutupa usioacha nafasi hata kidogo. Nyuzi za chini zikiwa na pa kuegemea hazikatiki ovyo.

Lipo jambo moja ambalo hesabu haiwezi kulitibu. Gundi ya plaiwudi ikishakauka ni ngumu, na inakula makali kuliko mbao yenyewe. Biti za chuma cha kawaida huisha haraka; za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma hicho, hudumu, ila nazo huchoka. Chomoa waya wa mashine, kisha gusisha jino kwenye ukucha kwa mshazari, bila kukandamiza. Likikwangua unga mweupe, bado lina kazi. Likiteleza, usiendelee nalo.