Je, wajua kwa nini mnunuzi wa bunduki Marekani huambiwa "subiri"?

Ijumaa asubuhi, mtu anaingia duka la silaha katika jimbo la Ohio. Anachagua bunduki ya kuwindia, anatoa kitambulisho, anajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha. Muuzaji anaingiza taarifa zake kwenye kompyuta, na baada ya dakika chache anarudi na jibu: ombi limecheleweshwa. Mteja hajakubaliwa wala hajakataliwa. Bunduki inarudishwa kabatini naye anatoka na maswali kichwani: kwani nimefanya nini?

Mara nyingi hajafanya lolote. Kilichokwama ni karatasi.

Kwetu Afrika Mashariki, raia anayetaka silaha huanzia serikalini. Anaomba kibali, anachunguzwa, na asipopata jibu hana silaha. Sheria ya serikali kuu ya Marekani imekwenda njia nyingine. Mtu mzima huhesabiwa kuwa ana haki ya kununua mpaka ionekane kwamba yumo katika kundi la waliokatazwa: aliyepatikana na hatia ya kosa zito, anayekimbia mkono wa sheria, mtumiaji wa dawa za kulevya, aliyehukumiwa kwa kumpiga mwenzi wake, na wengine kadhaa. Mzigo wa kuonesha hilo uko kwa serikali, na muda iliopewa ni mfupi.

Tarehe 30 Machi 1981 Rais Ronald Reagan alipigwa risasi mjini Washington, na msemaji wake, James Brady, akajeruhiwa kichwani. Brady aliishi na ulemavu hadi alipofariki mwaka 2014. Yeye na mkewe Sarah walipigania sheria ya kuwakagua wanunuzi wa bunduki, inayobeba jina lao, ambayo Rais Bill Clinton aliitia saini tarehe 30 Novemba 1993. Mwanzoni wanunuzi wa bastola walisubiri hadi siku 5. Tarehe 30 Novemba 1998 ukaanza mfumo wa kompyuta wa ukaguzi huo unaoitwa NICS, unaoendeshwa na FBI, idara ya upelelezi ya serikali kuu, kutoka Clarksburg, West Virginia, na majibu matatu yakawa ndiyo lugha ya madukani: endelea, subiri, kataa.

Takriban wanunuzi tisa kati ya kumi hupata jibu papo hapo. Hao wa kumi ndio tunaowazungumzia hapa.

Dukani mfumo haupimi alama za vidole. Unatafuta kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, jimbo la makazi na maelezo mengine machache. Jina lako likikaribiana na la mtu mwenye kumbukumbu mbaya, kompyuta haiwezi kuamua peke yake, kwa hiyo faili linapelekwa kwa mtumishi alichunguze. Hapa Waswahili wa ughaibuni wana sababu ya kusikiliza kwa makini. Mohamed huandikwa kwa namna nyingi, na jina la babu huweza kugeuzwa la ukoo katika hati moja na kuachwa katika nyingine. Tena wakimbizi wengi waliofika bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari. Ukiwa na jina la kawaida na siku ya kuzaliwa mnayoshiriki na maelfu, kufananishwa na mtu mwingine si ajabu. Asiye raia pia hutakiwa kutoa namba yake ya uhamiaji, na kumbukumbu za uhamiaji nazo hukaguliwa.

Sababu nyingine nzito ni kesi isiyo na mwisho, na namaanisha mwisho wa kwenye karatasi. Polisi wanapomkamata mtu, taarifa huingia katika kumbukumbu za jimbo na za taifa. Miezi baadaye mahakama inafuta kesi, au inapunguza shtaka, na uamuzi huo unabaki ndani ya jalada kwenye mahakama ya kaunti bila kupelekwa popote. Miaka 15 ikipita, kompyuta bado inaona mtu aliyekamatwa, haioni aliyeachiwa. Basi mtumishi wa Clarksburg inambidi amwandikie karani wa mahakama ile, na karani ajibu kwa nafasi yake.

Wakati huohuo saa inakwenda. Zikipita siku 3 za kazi bila jibu, sheria ya serikali kuu inamruhusu muuzaji kumkabidhi mteja silaha. Halazimishwi, wapo wanaokataa kuitoa mpaka jibu lije. Yule mteja wetu wa Ijumaa huhesabiwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, kwa hiyo Alhamisi anaweza kurudi dukani. Baadhi ya majimbo yana masharti makali zaidi, kwa mfano California na siku zake 10.

Udhaifu wa saa hiyo ulionekana South Carolina. Jumamosi ya tarehe 11 Aprili 2015, kijana mmoja alitaka kununua bastola, ombi lake likacheleweshwa. Wiki chache kabla alikuwa amekamatwa na dawa za kulevya na kukiri kuwa ni zake, jambo ambalo lingetosha kumkatalia. Lakini kumbukumbu ilitaja ofisi ya polisi isiyo sahihi. Mchunguzi aliuliza kaunti ya Lexington, akaelekezwa kwa polisi wa Columbia, ila katika orodha yake akaishia kuwauliza wa West Columbia, ambao hawakuwa na faili hilo. Alhamisi tarehe 16 jibu lilikuwa bado, muuzaji akatoa silaha kihalali. Tarehe 17 Juni kijana huyo aliwaua waumini 9 waliokuwa katika mafunzo ya Biblia kwenye kanisa la Emanuel, Charleston. Mkurugenzi wa FBI wa wakati huo, James Comey, alikiri hadharani kwamba kosa lilifanyika. Kila nikiisoma habari hii roho inauma, kwa sababu karatasi iliyohitajika ilikuwepo, tena mji wa jirani.

Tangu sheria iliyosainiwa Juni 2022, mnunuzi aliye chini ya miaka 21 anaweza kusubirishwa hadi siku 10 za kazi iwapo kuna dalili ya kumbukumbu ya ujana inayohitaji kuchunguzwa. Kwa waliobaki, siku ni zilezile 3.

Ukikutwa na hali hii, kumgombeza muuzaji hakusaidii. Yeye hakuambiwa sababu. Mwombe namba ya muamala wako na uitunze. Hakikisha jina ulilojaza linafanana na la kitambulisho, na kama una namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), iandike hata kama fomu inasema si lazima, maana ndiyo inayokutenganisha na wenye jina lako. Usidanganye kwenye fomu hata kidogo. Hilo ni kosa la jinai.

Kama unacheleweshwa kila ununuapo, FBI ina utaratibu wa hiari: unatuma maombi pamoja na alama za vidole, na ukipita unapewa namba ya pekee ya kuandika kwenye Fomu 4473 siku nyingine. Bila utaratibu huo, faili la ombi lililocheleweshwa hufutwa kabla ya siku 90 kutimia, na ununuzi unaofuata huanza upya.

Na kama chanzo ni kesi ya zamani, nenda kwenye mahakama iliyoisikiliza ukaombe nakala ya uamuzi yenye muhuri, kisha uipeleke kwa ofisi ya jimbo inayotunza kumbukumbu za jinai. Watumishi wa Clarksburg husoma kilichoandikwa na jimbo, na jimbo huandika kile mahakama ilicholiletea.