Nani Awapokee Wakimbizi Waliookolewa na Meli za Biashara?

Tarehe 4 Agosti 2020, meli ya mafuta ya Maersk Etienne, inayopeperusha bendera ya Denmark, iliwaokoa watu 27 katika Bahari ya Mediterania baada ya mamlaka za Malta kumwomba nahodha akawasaidie. Miongoni mwao alikuwamo mama mjamzito. Mabaharia 21 waligawana nao chakula na mablanketi, wakawalaza sitahani, kwa kuwa meli ya namna hiyo haina vyumba vya abiria wala daktari. Malta ilikataa wasishushwe kwake, ikidai kwamba dhamana ni ya Denmark, na meli ikakwama baharini kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mwanzoni mwa Septemba watu watatu walijitosa majini kwa kukata tamaa, na mabaharia wakalazimika kuwaokoa kwa mara ya pili. Hatimaye wote walihamishiwa kwenye chombo cha shirika la uokoaji, wakashushwa Sicily.

Wajibu wa nahodha hauna utata. Ibara ya 98 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 inaitaka kila nchi iwaagize manahodha wa meli zake kumwokoa yeyote aliye hatarini, bila kujali uraia wake wala sababu ya safari yake. Kinachokwepwa ni wajibu wa serikali. Mwaka 2001 Australia iliizuia meli ya Norway, Tampa, kuwashusha watu zaidi ya 430 katika Kisiwa cha Christmas, na kutokana na mkasa huo mikataba ya usalama na uokoaji baharini ilifanyiwa marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2006. Kwa marekebisho hayo, nchi inayosimamia eneo la uokoaji ndiyo yenye dhamana ya kwanza ya kuhakikisha kwamba waliookolewa wanafikishwa mahali salama na meli inaachiwa iendelee na safari mapema iwezekanavyo. Hata hivyo, hailazimishwi kufungua bandari yake yenyewe. Tena Malta iliyakataa marekebisho hayo. Kwa maoni yangu, kukosekana kwa nchi inayolazimika kuwapokea ndilo pengo kubwa kuliko yote.

Wala si kila bandari ni mahali salama. Mwaka 2012 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua kwamba Italia ilivunja sheria ilipowakamata Wasomali na Waeritrea baharini na kuwarudisha Libya bila kusikiliza maombi yao ya hifadhi.

Pengo hilo linazibika kwa makubaliano ya mapema. Kuanzia 1979, wakati wakimbizi wa Vietnam walipokuwa wakiokolewa na meli za biashara, serikali kadhaa ziliahidi kuwapa makazi ya kudumu wale ambao nchi za meli zilizowaokoa hazikuweza kuwachukua, na kwa ahadi hizo nchi za pwani zikakubali kuwashusha.