Kwa nini wodini Marekani muuguzi naye huandika dawa?

Ukilazwa katika hospitali kubwa ya Marekani, anayekupima asubuhi, kukuagizia vipimo na kukubadilishia dawa huenda asiwe daktari bali muuguzi tabibu: nesi aliyeendelea hadi shahada ya uzamili au zaidi, kisha akapewa leseni ya kutibu. Msomaji wa Tanzania au Kenya atamkumbuka tabibu wa kituo cha afya, ila huyo wetu hakuanzia kwenye uuguzi.

Kada hii haikuzaliwa wodini. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Colorado, muuguzi Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha mafunzo ya kwanza kwa ajili ya familia zilizokosa madaktari. Wodini iliingizwa zaidi na uchovu wa madaktari walio mafunzoni. Mwaka 1984 Libby Zion, binti wa miaka 18, alifariki hospitalini New York, na lawama zikaelekezwa kwenye zamu zao ndefu. Jimbo likaweka kikomo cha saa 80 kwa wiki mwaka 1989, na mwaka 2003 kikawa cha nchi nzima. Pengo likabaki, na wauguzi tabibu wakawa miongoni mwa walioliziba.

Chukua mgonjwa aliyepasuliwa tumbo juzi. Saa nane usiku nesi wa wodi anaona presha imeshuka, mapigo yanakimbia na homa imepanda. Anamwita muuguzi tabibu wa zamu, ambaye anashuku maambukizi yamesambaa mwilini. Anaagiza damu ichukuliwe ioteshwe maabara, dripu na antibayotiki zinaanza, na papo hapo anampigia daktari wa upasuaji: hali imebadilika hivi, nimefanya hivi, naomba uje umwone. Kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji ni uamuzi wa daktari. Antibayotiki hazikumsubiri afike.

Daktari aliye mafunzoni huhama wodi kila baada ya wiki chache, muuguzi tabibu hukaa miaka. Ndiye anayejua daktari bingwa huyu hataki nini, na mara nyingi ndiye anayemwelekeza daktari mgeni, jambo ambalo si kila mgeni hulipokea kwa furaha.

Mvutano upo. Zaidi ya nusu ya majimbo humruhusu kutibu bila mkataba na daktari, lakini Texas haimruhusu kuandika dawa bila makubaliano ya maandishi na daktari. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, kwa kawaida humlipa asilimia 85 ya malipo ya daktari kwa huduma ileile, na hapo ndipo wauguzi huuliza hiyo 15 imekatwa kwa kosa gani.