Umbo la mtetemo ni uwiano, si msogeo

Kuna sentensi inayojirudia mno kwenye ripoti za uchambuzi wa mitetemo: "Katika modi ya kwanza, ncha ya bamba inasogea milimita 63, kwa hiyo bamba litavunjika." Namba imesomwa kwenye picha ya rangi iliyotolewa na programu ya kompyuta, na kwa kuwa programu imeiandika pamoja na neno milimita, mwandishi ameiamini. Hiyo 63 si msogeo wa kitu chochote.

Maana yenyewe ni fupi. Kitu chochote chenye tungamo na ukakamavu, kiwe daraja, shafti au bamba la kushikilia pampu, kikisukumwa kisha kikaachwa hutetema kwa masafa yake maalumu, yaani masafa asilia. Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na huandikwa kwa Hz. Masafa hayo ni mengi, na kila masafa yana namna yake ya kujipinda. Namna hiyo ndiyo umbo la mtetemo. Masafa, umbo lake na kiwango chake cha ufifishaji, yaani jinsi mtetemo unavyopoteza nishati na kutulia, kwa pamoja, ndiyo modi moja.

Rula ya chuma yenye unene wa milimita 1 inatosha kuonyesha. Ibane kwenye jiliwa, sentimita 30 zibaki nje. Modi ya kwanza iko karibu na Hz 9, na rula nzima huyumba huku na huku kwa pamoja. Ya pili iko mara 6.27 juu ya hapo, karibu Hz 57. Hapo kuna sehemu isiyosogea, yaani nodi, kwenye asilimia 78 ya urefu kutoka kwenye jiliwa. Ncha ikienda juu, katikati hushuka. Ya tatu, karibu Hz 159, ina nodi mbili. Upana wa rula hauingii kabisa kwenye hesabu hii. Urefu ndio wenye nguvu: ukiupunguza kwa nusu, masafa yote hupanda mara 4.

Sasa turudi kwenye namba. Hesabu inayotafuta modi haina nguvu ya nje ndani yake. Inauliza tu muundo huu, ukiachwa peke yake, unaweza kutetema kwa namna zipi, na jibu lake huja kama uwiano. Kwa rula yetu katika modi ya kwanza, ncha ikisogea 1, katikati husogea 0.34. Zidisha zote kwa 2, kwa 1,000 au kwa hasi 1, bado ni umbo lilelile. Lakini programu lazima iandike namba fulani, kwa hiyo huchagua kipimo. Baadhi huiita sehemu inayosogea zaidi 1. Nyingi hupima umbo ili tungamo la modi, yaani tungamo linaloshiriki katika mtetemo huo, liwe 1, na hapo vipimo vya faili ndivyo vinavyoamua. Bamba ambalo tungamo la modi yake ni gramu 250, likipimwa kwa msogeo wa ncha, litaandikiwa 2 kama faili inatumia kilo na mita, na 63 kama inatumia tani na milimita. Bamba ni hilohilo, halijaguswa.

Mkazo unaochorwa kwenye picha hizo una kasoro ileile. Unaweza kulinganisha sehemu na sehemu ndani ya modi moja, lakini huwezi kuulinganisha na uwezo wa chuma. Na rangi nyekundu kwenye picha ya msogeo huonyesha panaposogea sana, si panapovunjika. Katika modi ya kwanza ncha ya rula ni nyekundu na sehemu iliyobanwa ni buluu, ilhali ufa wa uchovu, yaani ule unaoletwa na kupindwa mara nyingi, huanzia kwenye jiliwa, kwa sababu ndipo mpindo ulipo mkali.

Msogeo wa kweli hupatikana baada ya kuongeza mambo ambayo hesabu ya modi haikuulizwa: nguvu ni kubwa kiasi gani, inagonga wapi, kwa masafa gani, na ufifishaji ni kiasi gani. Nguvu inayogonga kwenye nodi haiamshi modi hiyo hata ikiwa kubwa. Nguvu inayorudiarudia kwa masafa asilia yenyewe hukuza msogeo, ukilinganishwa na ule ambao nguvu hiyohiyo ingeleta ikisukuma polepole, mara 50 kama ufifishaji ni asilimia 1, mara 25 kama ni asilimia 2, na mara 10 tu kama ni asilimia 5. Kwa hiyo mtu anayekisia ufifishaji anakisia jibu zima.

Nodi huharibu vipimo pia, na hili hupuuzwa sana. Chukua fito ya chuma ya mita 1, unene milimita 10, iliyoning'inizwa kwa mpira. Modi zake tatu za kwanza za kujipinda ziko karibu na Hz 52, 143 na 280. Ukigandisha kihisi katikati kabisa, ile ya 143 haitaonekana, maana katikati ni nodi yake, nawe utaandika kwamba haipo. Kigandishe mwishoni: ncha iliyo huru haiwi nodi ya modi yoyote ya kujipinda. Funga mpira sentimita 22 kutoka kila mwisho, zilipo nodi za modi ya kwanza, na uwe laini kiasi kwamba fito ikidunda juu yake idunde chini ya Hz 5. Fito huamshwa kwa kugongwa kwa nyundo mara kadhaa, kisha huchukuliwa wastani wa mapigo. Nyundo ikigonga mara mbili kwa pigo moja, futa pigo hilo urudie. Usilichanganye kwenye wastani.

Kutenganisha umbo na nguvu ndiko kunakosaidia kueleza vizuri daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lililoanguka tarehe 7 Novemba 1940. Lilijisokota mara 12 hadi 14 kwa dakika, karibu Hz 0.2, likiwa na mstari usiosogea sana katikati ya barabara kwa urefu wake, mhandisi F. B. Farquharson aliweza kutembea juu ya mstari huo huku kingo zikipanda na kushuka. Hilo ni umbo la mtetemo waziwazi. Lakini upepo wa karibu kilomita 68 kwa saa haukuwa ukisukuma mara 12 kwa dakika. Vimbunga vidogo, yaani mizunguko ya hewa iliyojitenga nyuma ya daraja, vilikuwa karibu na Hz 1, mbali na masafa ya kujisokota. Kujisokota kwenyewe kulibadilisha jinsi upepo ulivyolikamata daraja, na kila mzunguko ukaingiza nishati zaidi ya ile iliyofifishwa. Kwa hiyo ni sawa kusema umbo liliamua daraja lijisokote vipi. Kusema upepo ulipiga kwa masafa ya daraja, kama inavyofundishwa mara nyingi kwa jina la resonansi, si sahihi.