Msitu hauulizi unalia hadi lini: vile watu husema kuhusu msiba na miti, na vile mambo yalivyo

Wiki ile mama alituacha, kwetu Umoja hakukuwa na pa kukalia. Watu wa chama, watu wa kanisa, majirani wa ploti, kamati ya mazishi kila jioni, grupu ya WhatsApp ya michango inalia mpaka usiku wa manane. Tukaenda Machakos tukazika tukarudi, wiki mbili hivi admini akafunga grupu, na hapo ndio msiba wangu ukaanza. Hapa Nairobi mfiwa hupewa wiki moja ya watu wengi sana, halafu anaachiwa matatu, kazi na kodi ya nyumba.

Binamu yangu ndiye alinitoa kwa nyumba akanipeleka Karura, ule msitu wa hapa Nairobi, Jumamosi moja asubuhi, na nimeendelea kwenda tangu hiyo siku. Nikiwaambia wenzangu waliofiwa, ama walioachana na mabwana zao, ama waliopoteza kazi, kwamba wajaribu hii tiba ya asili, kupeleka huzuni yao kwa miti, narudishiwa maneno yaleyale kila mara, kwa hivyo wacha niyajibu hapa yote.

La kwanza ni la lugha. Ukisema "tiba ya asili" mtu anafikiria mwarobaini, mizizi na yule daktari wa mabango kwa vikingi vya stima. Hapana, hakuna kitu cha kunywa hapa. Ni kwenda mahali penye miti, maji, udongo, ndege, ukiwa na kaunsela aliyesomea ama na mtu unayemwamini, mkatembea ama mkakaa, na ile huzuni mkaipa nafasi itoke. Mimi hupenda kuiita tiba kupitia mazingira, ndio isichanganywe na mitishamba.

"Aa, hiyo ni kitu ya wazungu." Hili huniuma kidogo. Jina linalotajwa sana duniani, shinrin-yoku, yaani kuoga hewa ya msitu, lilitoka Japani mwaka wa 1982, idara yao ya misitu ndiyo ililitangaza. Na sisi je? Matanga yetu hukaliwa wapi kama si nje, chini ya mti, moto ukiwaka na wazee wakiongea polepole hadi asubuhi? Wamijikenda wa Pwani wana makaya yao, misitu mitakatifu ambapo wazee wao wamezikwa, na UNESCO iliweka baadhi yake kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Hata hapa mjini, pale balozi ya Marekani ililipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 na watu 213 wakafa Nairobi, palifanywa bustani, majina yao yako kwa ukuta na nyasi ziko mbele yake. Na Karura yenyewe tunayotembelea bado iko kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walikataa inyakuliwe, Januari 1999 wakapigwa wakijaribu kupanda miti pale. Kwa hivyo hapana, si ya kuazima.

Sasa hili ndilo kubwa, na ndilo linaumiza watu: "Ukienda msituni utatoka ukiwa sawa." Mimi mara ya kwanza nilitoka nikiwa nimevimba macho. Tulishuka hadi kwa maporomoko, maji yanapiga kelele, na nikalia kwa sauti ile sikuwa nimelia hata kaburini, kwa sababu kaburini nilikuwa nashughulika na viti na chakula cha wageni. Binamu hakusema kitu, alikaa tu kwa jiwe lingine akanishikia leso. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Halafu tukainuka tukatembea, kima wakavuka njia na watoto wao wamewashikilia tumboni, nikajikuta nacheka, na dakika moja baadaye nikaona vibaya kwamba nimecheka.

Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo kuyumba ndiyo kawaida. Watafiti wawili, Stroebe na Schut, waliieleza mwaka wa 1999: mfiwa huenda kwa uchungu wake, anarudi kwa maisha, anaenda tena, anarudi tena, na kupumzika kutoka kwa huzuni si kumsahau marehemu. Zile hatua tano za huzuni ambazo kila mtu anakutajia, kukataa, hasira na kadhalika, daktari Elisabeth Kübler-Ross alizitoa mwaka wa 1969 kwa kuongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, hazikuanza na waliobaki nyuma, na si ngazi ya kupanda moja moja. Tafadhali msimuulize mfiwa amefika hatua ya ngapi. Msitu haukuondolei msiba. Unakupa mahali pa kuyumba bila mtu kukuhesabia siku.

"Ni kutembea tu, sayansi iko wapi?" Iko, ila tusiizidishe. Mwaka wa 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti kutoka hospitali moja Pennsylvania, waliopasuliwa nyongo na dirisha lao likaangalia miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema kuliko walioangalia ukuta wa matofali, na hawakuhitaji sana dawa kali za maumivu kama hao wengine. Mwaka wa 2015 watu 38 huko California walitembezwa dakika 90, wengine kwenye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi, na wale wa kwenye miti wakapunguza ile kuzungusha mawazo mabaya kichwani. Lakini hao 38 walikuwa watu wazima wa afya, hawakuwa wafiwa, kwa hivyo mtu akikuambia imethibitishwa inaponya msiba anakudanganya. Ninachojua mimi ni kwamba ile "ningempeleka hospitali mapema, ningempeleka mapema" huzunguka polepole zaidi nikiwa natembea.

Ndio maana pia sikubali mtu akisema achana na kaunsela, nenda tu msituni. Shirika la Afya Duniani linaitambua huzuni isiyoachilia, ikishapita miezi sita na bado inakuzuia kuishi, kama hali inayohitaji matibabu. Mtu asiyekula wala kulala, anayeongea kumfuata marehemu, huyo usimpeleke kutembea ukarudi zako. Piga simu 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, ama mfikishe hospitalini. Kuna makaunsela wanaofanya kikao mkitembea, na kwa wanaume wengi hii inasaidia sana kwa sababu mnatembea bega kwa bega, hakuna kuangaliana machoni, maneno yanatoka yenyewe.

Na si ya waliozika peke yao. Mimba iliyoharibika, ndoa iliyovunjika, kustaafu, hizo pia ni hasara na mara nyingi hakuna hata kamati inayokuja kukuona.

Kitu kimoja kwa dada zangu: usiende peke yako mahali usipopajua, nenda na mtu, baki kwa njia zenye watu, toka kabla giza halijaingia.

"Lakini hiyo ni ya watu wa Runda wenye gari." Karura unafika na matatu ya Limuru Road, kuna kiingilio, ukikosa kuna ule mti mtaani kwenu ambao mama mboga hukaa chini yake. Na kama hutoki kabisa kuna mkebe. Kwa vitu vya mama nilipata leso yake, kona moja imefungwa fundo, ndani mbegu za kunde, kumi na saba, za kupanda mvua ikija. Nilikaa nazo miezi minne sikuthubutu kuzigusa. Halafu nikatoboa mkebe wa Kimbo chini, nikajaza udongo, nikazika sita kwa balkoni hapa gorofa ya tatu, vidole vyangu vimejaa matope nikiongea naye kama yuko. Siku ya nne asubuhi nne zilikuwa zimetoka, zimeinama shingo, ganda la mbegu bado kichwani.

Majani yalipokuwa yametosha mboga ya mtu mmoja nilichuma, nikampigia mama mdogo kumuuliza mama alikuwa anatia magadi kiasi gani, na tukaongea mpaka kunde zikaiva.