Viza ya masomo ya Uingereza haina ukomo wa umri: ujumbe kwa waombaji wa miaka 40 na zaidi

Ofisi yetu ya ushauri wa masomo ya nje imekuwa ikipokea malalamiko ya watu wazima wanaotaka kurudi darasani kusoma biashara Uingereza. Wengi wanaamini wamenyimwa viza kwa sababu ya umri. Tunaomba lieleweke mara moja: viza ya mwanafunzi ya Uingereza ina umri wa chini, miaka 16, lakini haina ukomo wa juu. Anayekuambia "ukivuka 35 basi tena" anakupotosha.

Mkanganyiko huanzia kwenye neno "shahada ya pili". Mmoja ana maana ya uzamili baada ya B.Com (shahada ya kwanza ya biashara) aliyoipata 1998. Mwingine anataka shahada nyingine ya kwanza. Wa tatu tayari ana uzamili wa fedha na sasa anaitamani MBA, yaani uzamili wa usimamizi wa biashara. Hayo ni maombi matatu tofauti, na anayeyachanganya hujibiwa vibaya kabla hata ya kufika kwenye viza. Uzamili wa menejimenti ule wa MSc umeandaliwa zaidi kwa vijana waliotoka chuo juzi, na vipo vyuo visivyompokea aliyekwisha kusoma biashara. MBA ni kinyume chake: programu zenye ithibati ya AMBA, chama kinachokagua ubora wa programu za MBA, hudai uzoefu wa kazi usiopungua miaka 3. Hapo miaka yako ni mtaji.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alituletea barua ya maombi ya kurasa tatu. Ilijaa "ndoto ya kuwa mjasiriamali", na duka halikutajwa popote. Tulipomuuliza, alieleza bila kupumua jinsi mafundi wanavyochukua nondo na saruji kwa mkopo, jinsi daftari la madeni linavyonenepa huku droo ikibaki tupu. Tulimwambia aandike hayo hayo. Ofisa wa viza anaweza kukuita kwenye mahojiano akuulize kwa nini usome tena, tena kwa gharama hiyo. Jibu la "kuongeza elimu" halimtoshelezi, na kwa kweli halitutoshelezi hata sisi.

Sasa fedha. Unatakiwa kuonyesha ada ya mwaka wa kwanza ambayo hujalipa, pamoja na fedha za kujikimu: kwa viwango vilivyoanza Novemba 2025, pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesoma London na 1,171 nje ya London, kwa muda usiozidi miezi 9. Kwa kozi ya mwaka mzima ni pauni 13,761 au 10,539. Fedha hizo zikae siku 28 mfululizo bila salio kushuka hata siku moja chini ya kiwango, na taarifa ya benki iishie ndani ya siku 31 kabla ya kuwasilisha ombi. Akaunti iwe yako. Ya mzazi inakubalika kwa uthibitisho wa uzazi na barua ya ridhaa. Akaunti ya kaka haikubaliki. Kiwanja hakihesabiki, hata kiwe na hati. Mkazi wa Tanzania anayekwenda kwa zaidi ya miezi 6 huhitaji pia cheti cha kipimo cha kifua kikuu.

Wenye vyeti vya zamani, angalieni majina. Cheti cha chuo kikiwa na jina la ubini na pasipoti ina jina la ndoa, ambatanisha cheti cha ndoa.

Kuna jambo gumu kwa mtu mwenye familia, na tunalisema mapema ili lisikuumize uwanja wa ndege. Tangu Januari 1, 2024, anayekwenda kusoma uzamili wa darasani (usio wa utafiti), MBA ikiwemo, haruhusiwi kuandamana na mwenza wala watoto kama wategemezi. Kaeni kikao nyumbani kabla ya kulipa amana ya ada. Vilevile, mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kazi ya saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, lakini kujiajiri au kufungua biashara huko ni marufuku. Wafanyabiashara wengi hawataki kulisikia hili.

Na tafadhali, usikubali dalali akutengenezee taarifa ya benki. Udanganyifu ukigundulika, ombi hukataliwa na unaweza kuzuiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka 10. Kwa mwenye miaka 45, hiyo ni hadi 55.