Jumla ya 5.1 isikudanganye

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniletea majibu ya maabara kwenye bahasha ya kaki, karatasi ameikunja mara nne. "Dokta, kolesteroli yangu haina neno, tazama hapo wameandika kawaida." Kweli, jumla ya kolesteroli ilikuwa 5.1 mmol/L (kipimo cha kiasi kwa kila lita ya damu), na maabara ile huhesabu chini ya 5.2 kuwa sawa. Nikashusha kidole: HDL 0.8, LDL 3.8. Kisukari anacho mwaka wa tisa sasa, na pakiti ya sigara ilikuwa ikichungulia kwenye mfuko wa shati.

Jumla huhesabu HDL na LDL pamoja; yake ilipendeza kwa sababu HDL, yale tunayoita mafuta mazuri, ilikuwa chini mno, ikaificha LDL iliyo juu. Mimi naanza kusoma kwenye LDL.

LDL ni vichukuzi vinavyosafirisha kolesteroli kwenye damu. Vikizidi, baadhi hupenya ngozi laini ya ndani ya mshipa na kunasa ukutani. Chembe nyeupe za damu huja kuvila, hushiba mafuta mpaka zikafia hapo hapo, na taratibu hujengeka uvimbe kama uji uliofunikwa na utando mwembamba. Wengi hudhani mshipa huziba polepole kama bomba la sinki. Mara nyingi sivyo. Utando hupasuka, damu inaganda juu yake kwa muda mfupi, na pengine uvimbe wenyewe haukuwa umebana hata nusu ya njia. Ndiyo maana mtu hucheza bao jioni bila shida yoyote, alfajiri analetwa kwetu kijasho chembamba kinamtoka.

Tena si LDL ya siku uliyopima tu. Ni kiasi gani, na kwa miaka mingapi. Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitolewa mwaka 2006 na watafiti Jonathan Cohen, Helen Hobbs na wenzao. Kati ya Wamarekani weusi waliofuatiliwa miaka 15, asilimia 2.6 walizaliwa na hitilafu kwenye jeni ya PCSK9. Kazi ya jeni hiyo ni kuharibu vipokezi vinavyozoa LDL kwenye ini, kwa hiyo ikiwa na hitilafu vipokezi hubaki vingi. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28 tu, lakini ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa pungufu kwa asilimia 88! Dawa za statini, ukishusha LDL kwa 1 mmol/L kwa miaka kama mitano, hupunguza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa takriban moja ya tano. Kiasi cha LDL kilichopungua kwa makundi haya mawili kinakaribiana. Ila wale wa hitilafu ya jeni walianza tangu tumboni.

Kila kliniki naulizwa habari za mayai. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa mwilini, ini likiongoza, kwa hiyo yai moja halininyimi usingizi. Nahofia zaidi samli, mawese, mafuta ya nyama na (ndugu zangu wa Tanga mnisamehe) tui zito la kila siku. Mafuta ya aina hii hupunguza vile vipokezi vya ini, LDL ikabaki inazurura.

Mzee nilimwandikia atorvastatini, mojawapo ya statini, tukakubaliana tuisake LDL chini ya 1.8, na sigara tukaigombania kidogo. Akauliza atameza mpaka lini. Nikamwambia maisha, kama dawa ya sukari. Akaikunja karatasi yake tena mara nne, akafika mlangoni, akageuka: kijana wake ana miaka 28, naye apime?

Amlete.